Tiba-kazi ni nini, na uanzie wapi Kisumu au Nakuru

Neno "kazi" ndilo huwapotosha wengi. Mzee aliyepata kiharusi akiambiwa aende tiba-kazi (occupational therapy, kwa kifupi O.T.), hujibu kuwa alishastaafu. Kazi inayosemwa hapa ni kuvaa, kuoga, kushika kalamu, kumega tonge la ugali. Fiziotherapia hujikita zaidi kwenye nguvu, usawa wa mwili na kutembea. Sisi wa tiba-kazi twauliza: mkono huo ukipata nguvu utafanya nini? Na usipopata, shughuli hiyo itafanywaje?

Anzia hospitali kuu ya rufaa. Kisumu ni Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wenyeji bado huiita Russia. Nakuru ni ile iliyojulikana kama PGH, yaani hospitali kuu ya mkoa. Pale mapokezi taja "O.T.", kwa sababu ukisema "mazoezi" utaelekezwa fiziotherapia. Nenda na barua ya rufaa, dawa zote, na yule anayemwogesha mgonjwa, si yule mwenye gari. Anayetoa huduma nyumbani muulize alisomea wapi. Wengi wetu tumepitia KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya afya. Akianza kukanda mkono kabla hajauliza siku ya mgonjwa huendaje tangu asubuhi, mimi ningemtilia shaka.

Chukua mfano wa shati. Mgonjwa aketi, miguu ikanyage chini. Mkono dhaifu huingia kwanza, shati lipandishwe hadi begani, lizungushwe mgongoni, ndipo mkono mzima uingie. Kuvua ni kinyume: mkono mzima hutangulia. Kosa ninaloliona kila wiki ni msaidizi kuuvuta mkono uliopooza ili amwinue mgonjwa. Misuli iliyolegea haishiki tena kiungo cha bega, kwa hiyo mfupa hushuka na maumivu hufuata. Mshike kiunoni.

Mezani, samaki mzima hudai mikono miwili, mmoja wa kushika na mwingine wa kuchambua miiba. Kitambaa kibichi chini ya sahani huizuia isiteleze, lakini miiba iachiwe mtu mwingine hadi vidole vipate hisia.

Ukipewa splinti ya plastiki, yaani kifaa kigumu cha kushikilia mkono, ivue baada ya nusu saa ya kwanza uangalie ngozi. Wekundu ukikaa zaidi ya dakika 20, inabana mahali. Irudishe irekebishwe, usiitie pamba, maana pamba huongeza mbano. Plastiki hiyo tuliikunja kwa maji ya moto, kwa hiyo ikiachwa kando ya jiko au kwenye dashibodi juani hupinda. Ioshe kwa maji baridi na sabuni.

Mtoto mwenye mtindio wa ubongo mara nyingi huhitaji kiti kabla ya kingine chochote: nyonga, magoti na vifundo vya miguu vikunjwe kama nyuzi 90, nyayo zikanyage. Miguu ikining'inia, mwili hukakamaa na chakula humpalia. Fundi wa mtaani anaweza kukitengeneza kwa mbao, mradi tumpe vipimo vya mtoto mwenyewe.

Kabla ya miadi, pima upana wa mlango wa choo na umbali kutoka kitandani. Kama ni cha kuchuchumaa, kipige picha, mlango ukiwa wazi.