Je, Wajua Kwa Nini Joka la Karatasi Hugeuza Kichwa Kukufuata?

Ni karatasi ngumu tu, imekatwa kwa mkasi, ikakunjwa na kubandikwa gundi. Joka limekaa juu ya kabati, halina uzi wala betri. Ukipita kushoto, kichwa kinageukia kushoto. Ukirudi kulia, nacho kinarudi. Ukichuchumaa, linakuinamia. Nilipoliona mara ya kwanza nililisogelea kwa kunyata, kama mtu anayetaka kumkamata kuku, na nilipofika karibu kabisa ndipo siri ikafichuka: uso wa joka haujatokeza mbele hata kidogo. Umebonyea ndani, mfano wa kona ya ndani ya boksi, na macho yamechorwa kwenye kuta za humo.

Kiinimacho chote kiko hapo. Tangu tuzaliwe, kila uso tuliouona, wa mama, wa mbuzi, wa paka, umetokeza mbele. Ubongo umezoea hivyo mno, hata ukiletewa uso uliobonyea unaukataa na kuupindua, ukauona umetokeza kama nyuso nyingine.

Kosa hilo likishaingia, yanayofuata ni hesabu tupu. Uso wa kawaida, ukisogea kulia, unaona zaidi shavu la upande huo wa kulia. Uso uliobonyea ni kinyume: ukisogea kulia, ukuta wa kushoto ndio unaozidi kujifungua mbele yako. Ubongo, ulioshikilia kwamba kile kitu kimetokeza, unajikuta na fumbo: nimekwenda kulia, mbona shavu la kushoto ndilo linaloongezeka? Jibu linalofaa ni moja tu, joka limegeuza kichwa kuelekea kulia. Basi unaliona likigeuka.

Asili ya joka hili ni kazi za Jerry Andrus, mwanamazingaombwe wa Oregon, Marekani. Lilisambaa kutokana na mkutano wa Atlanta wa kumuenzi Martin Gardner, mwandishi maarufu wa mafumbo ya hisabati, na sasa watu huchapa kiolezo chake nyumbani na kukikunja. Kabla ya hapo, Richard Gregory, mwanasaikolojia wa Uingereza, alikuwa akiuonyesha mchezo huohuo kwa barakoa ya Charlie Chaplin inayozunguka. Upande wa nyuma, uliobonyea, ukifika mbele ya watazamaji, unaonekana umetokeza nao, na kila mtu anajua kwamba sivyo. Kujua hakusaidii kitu. Cha ajabu zaidi, utafiti uliochapishwa 2009 ulikuta kwamba watu wenye skizofrenia, ugonjwa wa akili unaovuruga fikra na hisi, mara nyingi hawadanganyiki na barakoa ya namna hii. Wao huiona imebonyea, kama ilivyo.

Kinachotuokoa sisi wengine na kiinimacho hiki ni kuwa na macho mawili. Yameachana kwa takribani sentimita 6, kwa hiyo kila moja linaleta picha tofauti kidogo, na ubongo hupima umbali kwa tofauti hiyo. Kwa karibu tofauti ni kubwa, uongo unakufa. Rudi nyuma hatua kadhaa, au fumba jicho moja, joka linahuika tena. Kamera ya simu nayo ina jicho moja, ndiyo maana video za joka hili zinashangaza kuliko joka lenyewe.

Kama huna kiolezo, tengeneza dadu. Chora mraba wa sentimita 16 kwa 16, ugawe miraba minne iliyo sawa, kata mmoja utupe. Ibaki mitatu, kama herufi L nene. Chora nukta moja, mbili na tatu, mraba kwa mraba, kisha kunja kwenye mistari ili nukta zibaki ndani, na uunganishe kingo mbili zilizoachwa wazi na mraba uliotupwa kwa selotepu. Usiiweke chini ya taa kali, maana vivuli vitatoboa siri.

Sasa ishike kwa vidole, uwazi ukuelekee, fumba jicho moja na uikazie macho ile kona ya kati. Subiri kidogo. Ghafla itaruka mbele na kuwa dadu nzima. Hapo izungushe taratibu kulia: vidole vitakwambia inakwenda kulia, na jicho litaiona ikienda kushoto.