Koti la sufu au jaketi la kujazwa: yanayosemwa na yalivyo

Kila mwaka, kuanzia Agosti hivi, wanaokwenda kusoma au kuungana na jamaa zao Ulaya, Marekani na Kanada huanza kuzunguka Karume, Gikomba au Soko la Memorial kule Moshi wakitafuta vazi la baridi. Ushauri hauwakaukii. Binamu aliyeko Toronto anasema hivi, shangazi aliyewahi kupita Uholanzi anasema vile, na muuzaji naye ana lake. Ukiuchuja ushauri wote huo unabaki mgawanyo mmoja: koti refu la sufu ni la wanaotaka kupendeza, jaketi nene lililojazwa manyoya ya ndege au nyuzi za poliesta ni la wanaotaka kuishi. Karibu makosa yote ya ununuzi huanzia hapo.

"Sufu ni ya kupendeza, joto liko kwenye jaketi la kujazwa"

Nguo haina joto lake. Joto ni la mwili wako. Mtu mzima aliyetulia hutoa wati kama 100, na akitembea kwa haraka hutoa karibu mara tatu ya hapo. Kazi ya vazi ni kushika hewa iliyotulia ili joto hilo lisitoroke, na kuuzuia upepo usije ukaifagia hewa hiyo. Nyuzi za sufu zimejikunja zenyewe, ndiyo maana hewa hunasa katikati yake. Manyoya laini ya kifuani mwa bata hufanya kazi ile ile kwa uzito mdogo zaidi. Ukipima gramu kwa gramu, manyoya yanashinda, hilo halina ubishi.

Ila hakuna anayevaa gramu. Koti zuri la sufu limeshonwa kwa kitambaa kizito kama melton, ambacho baada ya kufumwa hupondwapondwa ndani ya maji mpaka nyuzi zishikane na upepo ukose pa kupita. Lina bitana ndani, lina uzito wa kilo mbili hivi, na linafika magotini. Jaketi la kujazwa ambalo wengi hulinunua linaishia kiunoni. Kutoka hapo kwenda chini, umeachiwa suruali peke yake. Ukiniuliza mimi, urefu ndio kipimo kinachopuuzwa kuliko vyote.

Kuna kisa cha Everest ambacho hupenda kutolewa kama ushahidi wa mwisho. Mwaka 1922 Waingereza waliojaribu kuupanda mlima ule walivaa sufu na tweed, kitambaa kizito cha sufu. Mmoja wao, George Finch, mkemia mzaliwa wa Australia, alijitengenezea koti la kitambaa cha puto lililojazwa manyoya ya bata wa baharini. Wenzake walimcheka, mpaka baridi ilipowafundisha adabu. Yeye na Geoffrey Bruce walipanda zaidi ya mita 8,300, kimo ambacho hakuna binadamu aliyekuwa amekifikia kabla yao. Basi, watu husema, sufu ilishindwa.

Sehemu ya pili ya kisa haisimuliwi sana. Mwaka 2006 zilishonwa nakala za nguo alizovaa mpandaji Mwingereza George Mallory alipopotea mlimani hapo mwaka 1924, yaani tabaka za hariri, pamba na sufu chini ya gabardini, kitambaa kilichofumwa kwa kubana ili kuzuia upepo, zikajaribiwa Everest. Zilionekana nyepesi, na kwa mtu anayepanda katika hali nzuri ya hewa zilitosha. Tatizo lingekuwa usiku, kama angelazimika kuketi mahali pamoja mpaka kupambazuke.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza lipi lina joto, jiulize utasimama au utatembea, na kwa muda gani. London mwezi Januari mchana hufika nyuzi 8 hivi, usiku 2 au 3. Mtu anayetembea dakika kumi hadi kituo cha treni, akiwa na koti la sufu na sweta nyembamba ndani, hana anachokosa. Minneapolis, jiji la jimbo la Minnesota, Marekani, mwezi huohuo usiku wa kawaida hushuka nyuzi 13 au 14 chini ya sifuri, na kuna siku ambazo hali huwa mbaya kuliko hapo. Anayesubiri basi alfajiri huko kwenda zamu ya asubuhi anahitaji jaketi refu la kujazwa, lenye kofia, linalovuka mapaja. Upepo nao una hesabu yake: kwa kanuni inayotumika Marekani na Kanada tangu 2001, nyuzi 10 chini ya sifuri pamoja na upepo wa kilomita 20 kwa saa huichoma ngozi iliyo wazi kana kwamba ni nyuzi 18 chini ya sifuri. Utabiri wa hewa wa huko hutaja namba zote mbili. Soma ya pili.

Hata hivyo katikati ya Minneapolis hiyo hiyo kuna njia za juu zilizofungwa vioo, kilomita zipatazo 15, zinazounganisha majengo. Mfanyakazi anayeegesha gari ndani ya jengo na kuvuka kwa njia hizo anaweza kumaliza Januari nzima na koti la sufu bila kuguswa na theluji. Jiji moja, watu wawili, mavazi mawili.

"Mimi ni wa Makete, baridi naijua"

Unaijua, lakini ni ya aina nyingine. Makete, Njombe au Limuru mwezi Julai baridi ya nje ndiyo baridi ya ndani, kwa hiyo jaketi unalivaa asubuhi na unalivua ukienda kulala, pengine hulivui kabisa. Kaskazini nyumba, madarasa, maduka na mabasi hupashwa joto hadi karibu nyuzi 20. Koti huko ni la njiani. Unalivaa na kulivua mara nyingi kwa siku, na unalibeba mkononi dukani huku kijasho kikikutoka.

Hilo linabadilisha ununuzi mzima. Sweta zito chini ya jaketi zito ni mateso ndani ya treni iliyojaa. Afadhali nguo nyepesi za tabaka mbili ndani, ile ya kwanza isiwe ya pamba kama utatembea sana, maana pamba hunywa jasho na kukaa nalo. Kisha vazi moja la nje lenye kazi yote. Kwa hilo, ukubwa wa koti uchague ukiwa umevaa sweta, si ukiwa na fulana katika joto la Kariakoo. Jaketi linalobana huyaminya manyoya yaliyomo, na manyoya yaliyominywa hayashiki hewa.

"Lililo nene zaidi ndilo lenye joto zaidi"

Si lazima. Ndani ya jaketi lililovimba panaweza kuwa na manyoya laini, au mchanganyiko wenye manyoya ya mbawa yenye mashina magumu, au poliesta. Lebo ya manyoya huandika uwiano, kwa mfano 90/10: asilimia 90 manyoya laini, 10 ya mbawa. Namba nyingine, kama 550, 700 au 800, huonyesha aunsi moja ya manyoya hayo hutanuka kujaza inchi za ujazo ngapi. Wauzaji huikuza namba hii kana kwamba ndiyo joto lenyewe. Ni ubora wa manyoya tu. Jaketi la 800 lenye manyoya kiduchu litashindwa na la 600 lililojazwa vizuri.

Kwenye mtumba lebo inaweza kuwa imekatwa, basi tumia mikono. Likunje jaketi, libane kwa nguvu, liachie. Likifumuka upesi, bado lina uhai. Ukipapasa na kukuta madonge kwenye pembe na sehemu tupu katikati ya mishono, liache hata kama zipu inang'aa. Madonge mengine hufumuka likifuliwa na kukaushwa vizuri, ila hayo utayajua baada ya kulipa.

"Sufu ikilowa imekwisha"

Hapa ukweli una kona nyingi. Sufu hunyonya mvuke wa maji hadi kama asilimia 30 ya uzito wake kabla hujahisi kwamba imelowa, ndiyo maana manyunyu ya London hayaitishi. Ikilowa chapachapa inapoteza sehemu ya joto na inakuwa nzito kama mzigo. Eddie Bauer, mfanyabiashara wa Seattle, aliponea chupuchupu katika safari ya uvuvi wa majira ya baridi miaka ya 1930, sufu iliyolowa ikiwa imemgandia mgongoni. Akageukia manyoya ya bata bukini, na mwaka 1940 akapata hataza ya jaketi lililoshonwa kwa vijumba vidogo vidogo ili manyoya yasikimbilie chini.

Lakini manyoya nayo yakilowa hushikamana, hewa ikatoka, na jaketi likabaki mfuko wa nailoni. Poliesta ndiyo huvumilia maji zaidi na kukauka upesi. Msafiri huogopa theluji kumbe mvua ndiyo mbaya. Theluji ya nyuzi 15 chini ya sifuri ni kavu, unaipangusa begani inaanguka. Mvua ya nyuzi 4 ya Glasgow, Dublin au Vancouver inapenya mshono kwa mshono. Anayekwenda miji ya namna hiyo akitaka jaketi la kujazwa, achukue la poliesta au lenye ganda lisilopitisha maji, manyoya ya bei mbaya awaachie wa Minnesota.

"Lebo imesema sufu, basi ni sufu"

"Hili ni sufu tupu, dada, gredi ya kwanza." Pengine. Geuza ndani ya koti usome. Marekani ina sheria ya lebo za bidhaa za sufu tangu 1939, na Umoja wa Ulaya una kanuni yake ya mwaka 2011 inayotaka asilimia za nyuzi ziandikwe, kwa hiyo koti lililotoka huko kwa kawaida hujieleza lenyewe. Utashangaa ni mangapi yana sufu asilimia 20 au 30 tu, mengine yote poliesta na akriliki. Mchanganyiko si dhambi. Nailoni kidogo huongeza uimara, na mimi sioni ubaya wa koti lenye sufu 70 au 80. Ila koti jembamba lenye poliesta nyingi, hata likatwe kwa ustadi gani, ni koti la Nairobi mwezi wa Julai.

Kama hakuna lebo, chomoa uzi mmoja kwenye pindo la ndani, uuchome ukiwa nje, mbali na nguo za watu. Sufu inanuka nywele zilizoungua, moto unazima wenyewe na jivu linapondeka. Poliesta inayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Kisha liinue koti juani ulitazame kwa ndani: vitundu vidogo vinavyopitisha mwanga ni kazi ya viluwiluwi vya nondo, na ukilipeleka nyumbani wanaweza kuhamia kwenye sweta zako.

"Huwezi kwenda ofisini na jaketi la kujazwa"

Mwaka 1937 mshonaji Charles James alishona jaketi la satini nyeupe lililojazwa manyoya, la kuvaa juu ya gauni la jioni. Leo limehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London. Kwa hiyo suala la heshima lilikwisha zamani. Katika miji ya baridi kali mawakili na wahasibu huingia kazini na majaketi marefu meusi, wakayatundika mlangoni. Anayepimwa ni aliyebaki na suti.

Linalokera macho ni jingine: jaketi fupi juu ya koti la suti, pindo la suti likining'inia nje kama shati la mtoto wa shule. Vazi la nje lifunike pindo, liwe la sufu au la manyoya. Na kama unakwenda kwenye usaili, harusi au msiba katika jiji la baridi ya wastani, koti la sufu la rangi ya kaa au bluu iliyokolea litakuvusha kote bila kulifikiria. Kwa matumizi hayo halina mpinzani, na likipigwa brashi na kuanikwa kwenye hanga pana linadumu miaka mingi. Usilifue kwa mashine. Litarudi la mdogo wako.

"Nusu ya joto hutorokea kichwani"

Hapana. Kichwa ni takriban sehemu moja ya kumi ya ngozi ya mwili, na hupoteza joto karibu kwa kiasi hicho. Madaktari Rachel Vreeman na Aaron Carroll waliikanusha dhana hii katika BMJ, jarida la kitabibu la Uingereza, mwaka 2008. Kofia vaa, kwa sababu ya masikio.

"Mtoto akivishwa jaketi nene yuko salama popote"

Barabarani kwa miguu, sawa. Ndani ya gari, hapana, na hili wazazi wageni wengi hawaambiwi. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani hushauri mtoto asifungwe mikanda ya kiti chake akiwa amevaa jaketi la kujazwa. Mkanda unaonekana umekaza, kumbe umekaza hewa. Gari likigonga, jaketi linabonyea ghafla, mkanda unalegea, na mtoto anaweza kuchomoka. Koti zito la sufu nalo linaweza kuacha nafasi ya namna hiyo. Mfunge akiwa na sweta nyembamba, kaza mikanda mpaka usiweze kuifinya kwa vidole begani, kisha jaketi mvishe kinyumenyume juu ya mikanda, mikono yake ikipita kwenye mikono ya jaketi, au mfunike blanketi. Gari likishapata joto, blanketi unalitoa bila kumfungua.