Je, wajua kwa nini kaunti haiwezi kushusha spidi ya haiwei ivi ivi tu?

Simama pale Kondele, Kisumu, saa moja asubuhi. Watoto wa shule wanavuka, mama wa mboga naye anavuka na gunia kichwani, nduthi zinapita kila upande, alafu trela inashuka kutoka upande wa Kakamega hata breki haijaguswa. Mtu yeyote hapo atauliza, si kaunti iweke tu kibao cha kilomita 30 kwa saa tuishi? Shida ni kwamba hiyo barabara si ya kaunti.

Katiba ya 2010 iliziacha barabara kubwa za kitaifa kwa serikali kuu, kaunti zikapewa barabara zao, taa za mtaani, trafiki na paking. Kisumu kwenda Kakamega ni ya KeNHA, ile mamlaka ya kitaifa ya barabara kuu, sawa na ile ya Nakuru kwenda Eldoret inayopita Salgaa, mahali tumezika watu mpaka tukachoka. Sheria ya Trafiki inasema ndani ya mji mwisho ni 50, na mwenye barabara ndiye anaruhusiwa kushusha zaidi ya hapo kwa sababu ya usalama. Kwa hivyo hapo gavana ni mwombaji tu kama wewe, ila barua yake iko na muhuri.

Na barua tupu haisaidii, lazima iende na hesabu: ajali ngapi kwa rekodi za polisi, watu wangapi wanavuka na saa ngapi, magari yanapita na spidi gani. Mainjinia wengi huangalia ile spidi ambayo magari 85 kati ya 100 hayapiti. Mimi hiyo hesabu huwa inanikera kidogo, coz inakuambia vile madereva wanapenda kuendesha, haikuambii mwili wa mtoto unaweza kustahimili nini. Gari likiwa 50 linagonga na nguvu karibu mara tatu ya likiwa 30, hiyo ni fizikia ya sekondari, na ndio maana mawaziri waliokutana Stockholm Februari 2020 walisema 30 iwe ndio mwisho mahali watu na magari wanachanganyika. Kaunti ikienda kwa KeNHA ibebe hiyo pia.

Mwananchi naye anaeza sukuma. Sheria ya NTSA, ile mamlaka ya kitaifa ya uchukuzi na usalama barabarani, ya 2012 inataka kila kaunti iwe na kamati ya uchukuzi na usalama, na pia una haki ya kupeleka ombi kwa bunge la kaunti, si lazima ungoje MCA, yule mwakilishi wa wadi, akumbuke.

Sasa ile inanishangaza ni huku ndani ya mitaa, Migosi ama Manyatta, kwa zile barabara ambazo ni za kaunti yenyewe. Hapo haiombi mtu ruhusa, ni vibao na rangi tu, lakini bado utapata wakaazi wamejijengea bampu ya udongo na mawe, na mvua ya kwanza ikinyesha inaenda nayo.