Kampasi imekuja Kusini, ila mtoto wa Nachingwea anaingiaje?

Juzi msibani tumekaa mkekani na wazee, mjomba mmoja akaniambia "mwalimu, na sisi Lindi sasa tumepata chuo kikuu, watoto wetu watasoma". Hii kauli nimeshaisikia harusini, kwenye kikao cha wazazi, kwenye magrupu ya WhatsApp ya watu wa Kusini kila kiongozi akipita kwenye ziara. Msibani sikutaka kubishana na mkubwa, nikaitikia tu. Lakini imenikaa rohoni, wacha niandike.

Nafundisha fizikia na hesabu sekondari ya kata huku huku mkoa wa Lindi, mwaka wa 16 sasa. Kampasi siipingi. Mradi wa HEET wa kupanua vyuo vikuu, ule wa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, umepeleka kampasi mikoa iliyosahaulika: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM) Lindi, ndiyo hii yetu ya kilimo, na Kagera, chuo cha afya MUHAS Kigoma, chuo cha sayansi na teknolojia MUST Rukwa. Sawa kabisa, Kusini tumesubiri sana. Ninachobishana nacho ni hilo neno "watasoma", kama vile ukijenga jengo jirani na mtoto basi mtoto kashaingia darasani.

Chuo hakina kiti cha mwenyeji. Mtoto wa Nachingwea, wa Moshi na wa Mbeya wote wanaomba kwa vigezo vile vile vya TCU, tume ya vyuo vikuu, principal pass mbili za form six, pointi 4, na kozi ikiwa na ushindani hapo pointi 4 hazikufikishi popote. Kwa hiyo kampasi ikijaa, itajaa watoto kutoka shule zinazofaulisha, popote zilipo. Wetu watawauzia chapati. Nasema hivi kwa uchungu maana hao wauza chapati nawafundisha mimi.

Halafu kuna hili la umbali, na hapa ndipo huwa nashindwa kuvumilia. Watu wanasema "Dar mbali, Dodoma mbali, ndiyo maana watoto wa Kusini hawafiki chuo". Jamani, mtoto akifaulu form four TAMISEMI wanampangia form five popote nchini, mimi nimesindikiza stendi watoto waliopangiwa Tabora, Kagera, na mama zao hawajawahi kuvuka hata daraja la Mkapa kule Rufiji. Wameenda! Mama kauza korosho zake, kauza mbuzi, mtoto kapanda basi na tranka na godoro. Anayefika umri wa chuo kwa njia ya form six alishauzoea umbali miaka miwili nyuma. Waliokwama hawakukwama njiani kwenda Dodoma, walikwama form two, kilomita kadhaa tu kutoka nyumbani kwao.

Form two inakwamaje? Njoo nikuonyeshe karatasi moja. Mtihani wangu wa fizikia, swali la jiwe linaloachiwa kutoka juu ya mnara, linachukua sekunde 3 kufika chini, tafuta kasi yake linapogusa ardhi, g chukua 10. Binti mmoja sehemu ya jibu kaandika swali lenyewe. Kalinakili mara tatu, mwandiko mzuri kabisa, hakuna neno alilokosea. Nikamwita ofisini, nikamsomea kwa Kiswahili. Akaangalia dirishani kidogo, akasema "mita 30 kwa sekunde, mwalimu". Hakushika hata kalamu. Huyu binti fizikia anaijua! Kasoma miaka saba kwa Kiswahili, Januari kaingia form one kila kitu kimegeuka Kiingereza, na wa kumvusha hapo hayupo, kwa sababu mwalimu wa Kiingereza ana mikondo yote ya shule peke yake, na wanafunzi wenyewe wamejazana mpaka wengine wanaandikia mapajani. Necta, baraza la mitihani, haimsomei mtu swali kwa Kiswahili. Huyu atapata F na takwimu zitasema binti wa Kusini hawezi sayansi.

Na akitoka hapo analala wapi? Kata zetu ni kubwa, vijiji vimetawanyika, hosteli hakuna au ipo haijaisha. Wanapanga geto. Vijana watatu chumba kimoja cha udongo, wanapika wenyewe kwa kuni, Ijumaa wanaenda nyumbani kwa mguu, Jumapili jioni wanarudi na unga kwenye kiroba. Unga ukiisha Jumatano, Alhamisi hawaji shule. Mabinti wa geto sitaki hata kuanza, kila mwalimu wa shule ya kata anajua ile barua ya "amekatisha masomo" inaandikwaje. Ukinipa hela leo nikaambiwa chagua, nachagua bweni la wasichana lenye maji na mlinzi, na sifikirii mara mbili.

Maabara nitapita haraka. Enzi za Kikwete kila sekondari ya kata iliagizwa kujenga vyumba 3 vya maabara, wananchi walichangishwa, vyumba vikasimama. Chumba bila vifaa na bila mwalimu ni chumba tu.

Watu wazima wa hapa wakitaka kunishinda wananiletea Nyerere. Kwamba 1961 alianzisha chuo kikuu, wanafunzi 14 tu wa sheria, kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba, hakusubiri sekondari zijae. Ni kweli. Lakini ile ilikuwa nchi nzima inatafuta wanasheria wake, na wale 14 walikuwa tayari wameshavuka sekondari. Na ukitaka mfano wa nyumbani, Mkapa mtoto wa Lupaso, Masasi, chuo kikuu hakikuwepo Masasi, hata Tanganyika hakikuwepo, akaenda Makerere. Kilichokuwepo jirani ni Ndanda, shule. Ndanda na Chidya zimewatoa watu huku miaka ambayo lami hatukuwa nayo.

Sasa kuna sehemu moja ambayo mwenyewe sina uhakika nayo na siifichi. Walimu wanatoka wapi? Wanatoka chuo. Shule za kata zilipofumuka baada ya 2004 tuliletewa voda fasta, vijana wametoka form six wamepigwa msasa wiki chache wakaingia darasani, na form four ya 2012 ikaja na matokeo yale ambapo zaidi ya nusu ya watahiniwa walifeli. Pengo hilo la walimu lilijulikana mapema, 2005 zikaanzishwa DUCE na MUCE, vyuo vishiriki vya elimu vya UDSM, kuzalisha walimu wa sekondari. Na MUCE yenyewe ilikuwa Mkwawa High School, yaani tulitoa sekondari tukapata chuo ili tupate walimu wa sekondari. Ukiniuliza ilikuwa sahihi, nitakwambia nadhani ndiyo, nadhani. Mimi mwenyewe ni zao la chuo cha walimu.

Ila leo tatizo limegeuka. Walimu wenye digrii wapo mtaani, wanasubiri kibali cha ajira miaka, wengine wanaendesha bodaboda. Na anayeajiriwa akapangiwa kwetu anafika, anaangalia nyumba, anaulizia maji, anaanza kuandika barua ya uhamisho. Labda kampasi ya Lindi itasaidia hapo, mwalimu kijana akiona anaweza kusoma masters yake jirani huenda akakaa miaka mitano badala ya miwili. Hilo naliweka wazi kwa mjomba, ni hoja nzuri kuliko yake. Na kama hiyo kampasi ya kilimo ingepewa jukumu la kulea shule kumi tu za mkoa, wanafunzi wao wa sayansi waje kufundisha likizo, maabara zao zifunguliwe Jumamosi kwa form three na four, mimi nitakuwa wa kwanza kuwapokea getini.

Mwenzangu wa kemia amehama mwezi wa nane. Ratiba ya ukutani bado ina jina lake, vipindi vyake vya form three nimechukua mimi, vya form one na two havina mtu. Yule binti wa mita 30 yuko kwenye hao.