Taji, Nyota na Kiwanja Namba 301: Jinsi Hungaria Ilivyogombania Alama za Dola Yake

Msalaba ulio juu ya Taji Takatifu la Hungaria umelala upande. Ulipinda karne nyingi zilizopita, haukunyooshwa tena, na hata wachoraji wa nembo ya taifa huuchora vilevile ulivyo, umeinama. Nilipolitazama taji hilo kwa mara ya kwanza, likiwa ndani ya sanduku la kioo chini ya kuba la Bunge mjini Budapest, askari wa gwaride wakiwa wamesimama kando yake bila kutikisika, kilichonivuta kuliko dhahabu yenyewe ni vipande vyake. Sehemu ya chini ni kazi ya mafundi wa Bizanti, na miongoni mwa picha zake ndogo za enameli wamo Kaisari Michael Doukas na Mfalme Géza wa Kwanza, watu waliotawala katika miaka ya 1070. Mfalme István, ambaye Kanisa humwita Mtakatifu Stefano na ambaye taji linaitwa kwa jina lake, alifariki mwaka 1038. Kwa hiyo taji hili, kwa umbo tunaloliona leo, hakuwahi kulivaa. Wahungaria waliosoma historia wanalijua jambo hilo vizuri, na bado taji ni lake, na limewekwa katikati ya jengo ambamo sheria za nchi zinatungwa.

Nimetumia sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi kusoma na kufundisha historia ya nchi za Ulaya zilizotawaliwa na vyama vya kikomunisti, na swali ambalo wanafunzi hunirudishia kila muhula ni kwa nini serikali zenye jeshi, polisi na magereza zilihangaika kiasi kile na nyota, sanamu na bendera. Jibu langu huanzia katika lugha yetu. Neno uhalali limetokana na halali, na kila mmoja wetu anajua kwamba kitu kinaweza kuwa mkononi mwa mtu bila kuwa halali yake. Madaraka nayo ni hivyohivyo. Mtawala aliyeyashika kwa nguvu hulazimika kueleza yamemfikiaje, na nembo ya dola ni maelezo hayo yaliyofupishwa yakatosha juu ya muhuri. Hungaria ni nchi ninayoitumia kufundishia somo hili, kwa kuwa kila utawala wake uliochagua nembo ulikuwa unachagua pia mwaka ambao haki yake ya kutawala imeanzia, na wananchi waliuelewa uchaguzi huo kila mara.

Kabla ya wakomunisti kulikuwa na madai mawili. La kwanza ni la taji. Wanasheria wa zamani wa Hungaria walifundisha kwamba dola ni mali ya Taji Takatifu lenyewe na kwamba mfalme na watu wake ni viungo vya mwili wake, na fundisho hilo lilikuwa na nguvu kiasi kwamba kuanzia mwaka 1920 hadi 1944 nchi iliendelea kuitwa ufalme bila kuwa na mfalme, ikiongozwa na Amirali Miklós Horthy kama msimamizi wa kiti. Dai la pili ni la Lajos Kossuth na wanamapinduzi wa 1848 na 1849, ambao walipomvua madaraka mtawala wa ukoo wa Habsburg, Aprili 1849, waliliondoa taji juu ya ngao ya taifa. Tangu hapo ngao isiyo na taji huitwa nembo ya Kossuth, na maana yake haijabadilika: haki ya kutawala inatoka kwa raia. Jamhuri iliyotangazwa Februari 1946 iliichagua nembo hiyo.

Haikudumu. Katiba mpya ya chama cha kikomunisti cha Mátyás Rákosi ilianza kutumika tarehe 20 Agosti 1949, na tarehe hiyo haikuchaguliwa kwa bahati. Agosti 20 ni sikukuu ya Mtakatifu Stefano, siku ambayo Wakatoliki wa Budapest walikuwa wakiandamana na mkono wa kulia wa mfalme huyo, ambao umehifadhiwa hadi leo. Maandamano yalikomeshwa, na siku ikageuzwa kuwa sikukuu ya Katiba na ya mkate mpya. Nembo iliyoambatana na katiba hiyo ilikuwa na nyundo na suke la ngano vilivyopishana, nyota nyekundu ikimulika kutoka juu, na ngano imezunguka pande zote. Msomaji wa Tanzania aliyezoea jembe na nyundo katika bendera ya CCM ataitambua mara moja lugha hiyo ya mkulima na mfanyakazi. Tatizo la nembo ya Rákosi lilikuwa jingine. Ukiondoa utepe wa rangi tatu uliofungwa chini, ilifanana na nembo za jamhuri za Umoja wa Kisovieti, na mwaka ambao haki yake ilidai kuanzia ulikuwa mwaka wa ushindi wa jeshi la nchi nyingine.

Hayo yalidhihirika usiku wa tarehe 23 Oktoba 1956. Tayari siku kumi na saba kabla yake, umati mkubwa ulikuwa umefurika makaburini kumzika upya László Rajk, waziri wa kikomunisti aliyenyongwa na chama chake mwenyewe mwaka 1949 kwa mashtaka ya kubuni. Tarehe 23 wanafunzi waliandamana kwa mshikamano na Wapoland, na ilipofika jioni uwanja wa Bunge ulikuwa umejaa. Watu walikuwa wamekwisha kukata nembo ya Rákosi katikati ya bendera zao, na kilichobaki ni rangi nyekundu, nyeupe na kijani zenye tundu la mviringo ambalo mtu aliweza kuona anga kupitia kwake. Walipaza sauti wakitaka nyota nyekundu iliyokuwa ikiwaka juu ya kuba izimwe. Taa za uwanja zilipozimwa ili watawanyike, waliyakunja magazeti ya chama wakayawasha yakawa mienge.

Imre Nagy, mkomunisti aliyewahi kuwa waziri mkuu kati ya mwaka 1953 na 1955 na ambaye umati ulitaka kumsikia, alijitokeza dirishani akaanza kwa neno alilolizoea maisha yake yote: elvtársak. Kwa Kihungaria neno hilo limeunganisha itikadi na mwenzi, nasi tungesema komredi au, kwa Tanzania ya enzi ya Ujamaa, ndugu. Umati ulimzomea na kumjibu kwamba wao si makomredi. Huwa ninawaeleza wanafunzi wangu tukio hili kwa utulivu, kwa sababu ndani yake somo zima limo. Walimwita wao wenyewe, walimtaka awaongoze, ila hawakukubali kuitwa kwa jina ambalo dola ilikuwa imewapa bila kuwauliza. Ilibidi abadili salamu ndipo wamsikilize.

Usiku huohuo, kando ya bustani kubwa ya jiji, sanamu ya shaba ya Stalin yenye urefu wa mita 8 ilikatwa magotini kwa mitambo ya gesi ikaangushwa. Ilikuwa imesimamishwa mwaka 1951 mahali ambapo kanisa lilikuwa limebomolewa. Viatu vyake virefu vilibaki juu ya jukwaa, watu wakachomeka bendera ndani yake, na wenyeji wakapaita mahali pale Uwanja wa Viatu. Jeshi la Kisovieti liliingia kwa nguvu tarehe 4 Novemba, na mapinduzi yakazimwa.

János Kádár, aliyewekwa madarakani na jeshi hilo, alikuwa mwangalifu kuliko Rákosi. Nembo ya nyundo haikurudi. Mwaka 1957 ilitolewa nembo mpya yenye ngao ya rangi tatu za taifa, nyota ikiwa imebaki juu yake, na bendera ikaachwa bila nembo yoyote. Ninaamini kwamba tundu la 1956 ndilo lililoamua hilo: serikali ilijua kwamba chochote itakachokiweka katikati ya bendera kitakumbusha kilichokatwa pale.

Taji wakati huo lilikuwa Marekani. Walinzi wake walilihamisha kuelekea magharibi vita ilipokuwa ikiisha, likazikwa ndani ya pipa la mafuta huko Austria, jeshi la Marekani likalipata mwaka 1945 na hatimaye likahifadhiwa katika ghala la dhahabu la Fort Knox. Rais Jimmy Carter alipoamua kulirudisha, ujumbe wa waziri wake wa mambo ya nje, Cyrus Vance, ulilikabidhi ndani ya Bunge tarehe 6 Januari 1978, na Wamarekani walisisitiza kwamba linarudishwa kwa watu wa Hungaria. Kádár hakuhudhuria hafla ile. Hata hivyo serikali yake ilinufaika, maana chama kilichokuwa kimelifuta taji katika nembo sasa kiliwapangisha foleni raia katika Makumbusho ya Taifa waje kulitazama. Chama kinachoanza kuazima utukufu wa wafalme kimekwisha kukiri kwamba maelezo yake yenyewe hayatoshi.

Lakini deni lake kubwa lilikuwa ardhini. Imre Nagy, aliyeiongoza serikali katika siku za mapinduzi, alinyongwa tarehe 16 Juni 1958 baada ya kesi ya siri. Alizikwa kwanza ndani ya ua wa gereza, na mwaka 1961 mabaki yake yakahamishiwa makaburi ya jirani, pembezoni mwa Budapest, katika kiwanja namba 301, huku daftari la makaburi likiandikwa jina la uongo la mwanamke. Alilazwa kifudifudi, amefungwa kwa karatasi ya lami na waya. Sihitaji kumweleza msomaji wa Kiswahili, awe Mwislamu au Mkristo, uzito wa kumlaza maiti kifudifudi na kumnyima jina lake. Kwa miaka thelathini serikali iliyodai kuwakilisha watu wote haikuthubutu kuonyesha alipozikwa mtu mmoja. Juni 16, 1988, watu walipokusanyika katikati ya jiji kumkumbuka, polisi waliwatawanya kwa nguvu.

Mwaka mmoja baadaye, tarehe ileile, majeneza sita yalipangwa katika Uwanja wa Mashujaa: la Nagy, ya wenzake wanne, na la sita tupu kwa ajili ya mpiganaji asiyejulikana. Mmoja wa waliobuni mapambo ya uwanja ule alikuwa László Rajk, mtoto wa yule waziri aliyezikwa upya mwaka 1956. Watu walifika kwa mamia ya maelfu, televisheni ilirusha shughuli nzima moja kwa moja, na majina ya walionyongwa yalisomwa moja baada ya jingine. Waziri Mkuu Miklós Németh na viongozi wengine wa serikali ya kikomunisti walisimama kando ya majeneza kama walinzi wa heshima. Kijana wa miaka 26, Viktor Orbán, ambaye baadaye angekuwa waziri mkuu, alipanda jukwaani akadai majeshi ya Kisovieti yaondoke. Tarehe 6 Julai Mahakama Kuu ilimsafisha Nagy, na siku hiyohiyo Kádár alifariki. Baada ya hapo mazungumzo ya chama na wapinzani yalikuwa ya kupanga namna ya kuondoka, kwa kuwa haki ya kutawala ilikuwa imekwisha kuhamia upande wa waliozika. Jamhuri ilitangazwa tarehe 23 Oktoba 1989, na tarehe yenyewe ikatosha kuwa maelezo.

Bunge la kwanza lililochaguliwa kwa ushindani baada ya utawala wa kikomunisti lilibishana kwa uchungu kuhusu nembo katika mwaka 1990. Waliotaka nembo ya Kossuth walisema jamhuri haiwezi kubeba taji, na kwamba ngao ile ndiyo iliyopeperushwa mwaka 1956. Waliotaka taji walisema kwamba ni alama ya dola ya miaka elfu moja na haimhusu mfalme yeyote. Julai 1990 taji lilishinda kwa kura nyingi. Binafsi ningepiga kura upande wa Kossuth, ingawa ninakubali kwamba waliotaka taji walikuwa na shauku iliyo halali: walitaka nchi yao iwe na umri mrefu kuliko majeraha yake.

Sanamu za enzi ya chama zilihamishiwa bustani maalumu nje ya jiji mwaka 1993, na mwaka huohuo nyota nyekundu ikapigwa marufuku hadharani sambamba na swastika ya Wanazi. Mwanasiasa mmoja wa mrengo wa kushoto alipopatikana na hatia kwa kuvaa nyota ya sentimita tano kifuani, kesi ilifika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, ambayo mwaka 2008 iliamua kwamba haki yake ya kujieleza imevunjwa, kwa kuwa nyota hiyo ni pia alama ya harakati za wafanyakazi duniani. Uamuzi huo ninauona kuwa sahihi. Alama hubeba maana nyingi kwa wakati mmoja, na sheria inayochagua moja tu hufanya kazi ileile ya Rákosi kwa upande wa pili.

Serikali za Orbán zimelisogeza taji karibu zaidi na madaraka. Tarehe 1 Januari 2000 lilitolewa makumbusho likapelekwa Bungeni, na Sheria ya Msingi iliyoanza kutumika mwaka 2012 inalitaja katika utangulizi wake kuwa ndilo lenye mwendelezo wa kikatiba wa dola. Utangulizi huo unasema pia kwamba nchi ilipoteza uhuru wa kujiamulia tarehe 19 Machi 1944, siku Wajerumani walipoingia, ikarudishiwa tarehe 2 Mei 1990. Kwa hesabu hiyo jamhuri ya 1946 imeangukia gizani, na wakomunisti wote, hata aliyekufa kwa ajili ya 1956, wanabaki nje ya mlango.

Sanamu ya Nagy ilikuwa imesimama tangu mwaka 1996 katika Uwanja wa Mashahidi, juu ya daraja dogo la shaba, akiwa na kofia na mwavuli, akilitazama Bunge. Ilikuwa ndiyo sanamu niliyoipenda kuliko zote mjini humo, kwa sababu watu walipanda darajani wakasimama naye bega kwa bega. Alfajiri ya tarehe 28 Desemba 2018 iling'olewa, na mahali pake pakajengwa upya mnara wa enzi ya Horthy wa kuwakumbuka waliouawa na wakomunisti walioishika nchi kwa miezi michache mwaka 1919. Nagy alihamishiwa uwanja mwingine karibu na mto Danube. Hatua chache kutoka alipokuwa, katika Uwanja wa Uhuru, mnara wa askari wa Kisovieti bado upo mahali ulipojengwa, ukilindwa kwa makubaliano na Urusi, na kileleni pake nyota ya ncha tano haijaguswa.