Sumaku haithibitishi kuwa tangi la matumbawe halina metali

Ujumbe unaozunguka kwenye makundi ya WhatsApp unasema: pitisha sumaku ndani ya tangi la matumbawe (tangi la maji ya chumvi la kufugia matumbawe na viumbe wengine wa baharini), isiponasa kitu, maji hayana metali. Si kweli. Tafadhali usiusambaze, kwa sababu anayeuamini huacha kutafuta huku konokono na kamba wake wakiendelea kufa.

Shaba, ambayo huwadhuru wanyama hao hata ikiwa kidogo sana, haivutwi na sumaku. Zinki nayo haivutwi, na metali iliyokwisha kuyeyuka majini hainaswi kabisa. Mkanganyiko unatokana na kwamba sumaku hunasa kweli skrubu ya chuma iliyoanguka mchangani, mtu akadhani kazi imekwisha.

Njia ya uhakika ni kupima kila chanzo kinachoshukiwa peke yake. Pima shaba kwenye maji ya bomba yaliyolala usiku kucha ndani ya mabomba, kisha maji yaliyochujwa, kisha maji mapya ya chumvi yaliyokaa saa 24 kwenye ndoo safi ya plastiki. Yote yakiwa salama, chanzo kimo tangini. Zima umeme, toa pampu, hita na vibanio. Kagua hasa sumaku ya ndani ya pampu: ganda lake likipasuka, huanza kuliwa na kutu. Kifaa unachokishuku kiloweke peke yake kwenye maji mapya ya chumvi siku 3, upime tena.

Kipimo cha nyumbani kikisoma sifuri huku wanyama wakidhoofika, peleka sampuli maabara. Na mawe yaliyowahi kukaa kwenye dawa ya samaki yenye shaba usiyarudishe tangini, huiachia polepole.