Ustahimilivu wa watu wazima waliolelewa na mzazi mlevi

Wengi wanaofika kwangu kwa ajili ya unasihi kuhusu mzazi mlevi hawaonekani kuwa watu walioathirika. Ni mhasibu, ni mwalimu mkuu, ni kifungua mimba aliyesomesha wadogo zake wote na ambaye ukoo mzima humpigia simu panapotokea msiba au ada inapopungua. Jamaa humwita shujaa. Yeye anachotaka kujua ni kwa nini hapati usingizi mpaka mumewe arudi nyumbani, ilhali mumewe huyo hajawahi kuonja pombe.

Mama mmoja wa huku Kilimanjaro, ambaye nimebadilisha baadhi ya habari zake ili asitambulike, alinieleza kwamba akiwa darasa la pili alijua hali ya baba yake kwa kusikiliza tu komeo la geti. Likifunguka mara moja, baba alikuwa amekunywa mbege kidogo na watoto waliendelea na daftari zao. Likipapaswa kwa muda mrefu, alikuwa ametoka kwenye gongo, na hapo binti huyo aliwaingiza wadogo zake chumbani, akapunguza utambi wa taa, kisha akatoka peke yake kumpakulia chakula. Ustadi huo ulimlinda kweli kweli. Lakini mtoto anayekulia katika hatari isiyotabirika huzoea kuwa macho wakati wote, na mazoea hayo hayakomi kwa sababu tu amehama nyumba, ameajiriwa na kuolewa. Ndiyo maana sipimi ustahimilivu kwa vyeti wala mshahara.

Siupimi kwa ugumu wa moyo pia, na hapa ushahidi upo. Mwanasaikolojia Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, tangu kuzaliwa hadi walipofika umri wa miaka 40. Katika taarifa yake ya mwaka 1986, Werner aliwachambua 49 kati yao waliokuwa na mzazi mlevi: asilimia 41 walikuwa na matatizo makubwa kufikia umri wa miaka 18, na asilimia 59 hawakuwa nayo. Baadaye, walipokuwa watu wazima, ilionekana kwamba waliomudu maisha vizuri walikuwa na watu wengi zaidi wa kuwategemea tangu utotoni: bibi, shangazi, mwalimu, jirani, mzazi wa rafiki. Kwa hiyo nguvu tunayoisifu kana kwamba mtu alizaliwa nayo, kwa sehemu kubwa alipewa na watu wengine, mara nyingi bila wao kujua kwamba wanatoa kitu.

Kuna jambo jingine katika utafiti huo ambalo huwa nalisisitiza kwa wateja wangu, hasa wanaoamini kwamba wamechelewa. Wengi wa vijana wa Kauai walioyumba walipokuwa na miaka 18 walikuwa wamejirekebisha walipofika miaka 30 na 40, kwa kurudi shuleni ukubwani, kwa kujiunga na jeshi, kwa kuoana na mtu mtulivu, au kwa kupata jumuiya ya dini iliyowapokea. Yaani msaada unaokuja ukubwani nao hufanya kazi.

Sipendi ile orodha ya sifa za “mtoto wa mlevi” inayozunguka mitandaoni, ambayo ilipata umaarufu Marekani miaka ya 1980. Sifa hizo ni za jumla mno kiasi kwamba hata mtu ambaye wazazi wake hawakunywa hujiona ndani yake. Mimi huanza na swali jepesi zaidi: nani alikuwa anakuona? Mteja hukaa kimya, halafu humtaja mtu ambaye hajamfikiria kwa miaka mingi, pengine mama muuza maandazi aliyekuwa akimruhusu kusomea kibandani kwake. Tukishampata huyo, ni rahisi kuzungumzia nani anamwona leo, na kwa nini yeye hubeba kila mtu huku hakuna anayeruhusiwa kumbebea hata mzigo mdogo.

Kazi ngumu hubaki pale ambapo mzazi yu hai na bado anakunywa. Kwetu huwezi kumwambia mtu amsuse baba yake, na wala simshauri hivyo. Namshauri aache kumtumia fedha taslimu kwa simu, badala yake amlipe mwenye duka unga na sukari, alipie bima na dawa, na akienda nyumbani Desemba apange mwenyewe saa ya kufika na saa ya kuondoka. Wapo wanaotaka kwenda mbali zaidi, wamfungie mzee ndani asinywe kabisa. Hilo nalikataza, kwa kuwa mtu aliyekunywa sana kwa miaka mingi akikatiwa pombe ghafla anaweza kupata degedege na hata kufa. Apelekwe hospitali, aachishwe chini ya uangalizi wa daktari.